Futi Anashuka Mjini, Benchi Zima Linatuma

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili. Kwa kuwa kijiji kizima kimening'inia mlimani, jiwe la upande wa chini lilichaguliwa kubwa kuliko la upande wa juu, na bado ubao umeinama, hivyo anayekaa mwisho wa chini hubeba mabega ya wenzake jioni nzima. Mahali pale huachiwa aliyechelewa. Mbele ya benchi ardhi inakatika ghafla, na huko bondeni limetandazwa jiji lote: mapaa, minara, barabara, madaraja, moshi. Ni dakika arobaini kwa basi. Watu wa benchi hulitazama jiji hilo kila siku tangu saa kumi za jioni hadi kahawa ya Shangazi iishe, na kwa kulitazama sana wamefika mahali pa kuamini kwamba wao ndio wanaoliendesha. Mvua ikinyesha kijijini, halafu nusu saa baadaye ikafika kule chini, husema wameiruhusu ipite.

Siku ile aliyechelewa alikuwa Futi, fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa utani: katika miaka thelathini ya kazi yake hakuwahi kumpima mtu kwa futi, ule utepe wenye namba. Alikuwa akikutazama mara moja tu ukiwa bado mlangoni, anakata kitambaa, na nguo inakukaa barabara. Hayo yalikuwa ya zamani. Tangu mwaka jana nguo zilianza kutoka kwake zikiwa na akili zao. Suruali ya Meya, mmoja wa watu wa benchi, ilitoka na mguu wa kushoto mfupi kwa vidole viwili. Koti la Profesa lilikuwa na vifungo vitano na matundu sita. Shangazi alishonewa gauni ambalo mfuko wake ulifungukia chini.

Na hakuna aliyemwambia. Walivaa. Meya aliizunguka milima na suruali ile, na alipoulizwa alijibu kwamba huku juu hiyo ndiyo mishono sahihi, maana mtu akisimama kwenye mteremko miguu yenyewe hailingani. Walifanya hivyo kwa kumpenda Futi, na pia kwa uvivu, maana kumwambia mtu ukweli ni kazi, na wao jioni walikuwa wamepumzika.

Aliyemwambia ni Mpangaji, dada mmoja aliyehamia kijijini miezi mitatu nyuma kwa sababu kodi za jijini zilimshinda. Alikuwa akishuka kila alfajiri kwenda kazini kwenye kiwanda cha mikate na kupanda jioni. Alimrudishia Futi blauzi, akaitandika mezani na kusema kwa adabu kwamba mkono mmoja umewekwa nje ndani, je, fundi, macho yako yanaonaje? Futi alijibu kwamba yanaona vizuri. Akaichukua blauzi aikague, akaikagua upande wa mgongo. Wiki ile ile alikwenda zahanati, muuguzi akammulika kwa tochi na kusema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa na inabidi lipasuliwe hospitali kubwa. Barua ya hospitali ilipokuja, Mpangaji ndiye aliyemsomea. Alhamisi, saa mbili asubuhi. Na chini kabisa: mgonjwa aje na mtu mzima wa kumrudisha nyumbani, kwa kuwa jicho litafungwa bandeji, asiye na mtu hatapasuliwa, atapangiwa tarehe nyingine. Tarehe nyingine, muuguzi alisema, huwa ni baada ya miezi saba au minane.

Alhamisi ilikuwa kesho. Mke wa Futi alikuwa kwa binti yao, safari ya siku mbili, akimsaidia kulea kichanga cha wiki tatu, na Futi hakutaka kumtoa kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo alikuwa amekuja benchini kuomba kitu kimoja tu. Tangu asubuhi alikuwa akijisemea dukani peke yake: jamani, nani atanisindikiza. Maneno matatu, tena mepesi. Lakini yeye ni mtu aliyezoea kuombwa na kujibu njoo kesho, na kila alipojaribu kuyasema kwa sauti aliona aibu mbele ya cherehani.

Sasa, katika kijiji hiki mtu hashuki mjini kimya kimya. Anayeshuka kesho lazima apite benchini leo kuaga, na kila mtu humtuma. Wajanja hupita njia ya mashambani wakiwa wamevaa ndala, viatu wamevificha kwenye mfuko, kwa sababu mtu akionekana na viatu siku ya katikati ya wiki amekwisha. Futi kwa kutaka kuomba kwa heshima alikuwa amevaa viatu, tena amevipiga rangi.

— Futi anashuka, akasema Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ila ndiye mwenye birika, na mwenye birika hupewa cheo.

— Nani kakwambia?

— Viatu.

Futi akakaa mwisho wa chini, ubao ukamletea bega la Profesa, na nyuma yake uzito wa Meya.

— Kwanza nilikuwa nataka niseme jambo, akaanza.

— Hebu ngoja, akasema Meya. Tazama pale darajani. Lile lori jeupe. Linaingia upande usiofaa. Nilisema tangu mwaka juzi, daraja lile magari yapite kwa zamu. Hawasikii.

Meya hakuwa meya. Alikuwa fundi wa kuezeka mabati, na kwa kukaa juu ya mapaa maisha yake yote alikuwa amezoea kutazama mambo kutoka juu. Hakuna barabara ya jiji ambayo hakuwa na shauri nayo. Aliyajua majengo yote kwa vidole, akifumba jicho moja na kuyafunika kwa kidole gumba, na alipenda kusema kwamba jiji lile, ukilitazama vizuri, ni dogo kuliko watu wanavyolidhania.

— Anashukia nini? akauliza Profesa.

Ndipo wakaanza kumchambua Futi kana kwamba hayupo. Shangazi alisema anakwenda kununua cherehani ya umeme. Profesa alisema mtu wa umri ule akipiga viatu rangi kuna mjane mahali. Meya alisema vyote hivyo ni vidogo, yeye anavyojua ni kwamba wakubwa wa jiji wamesikia habari za suruali ya mteremko na wamemwita awaonyeshe. Futi aliwaacha wamalize, akasema:

— Nakwenda hospitali. Jicho. Linapasuliwa kesho.

Benchi likanyamaza, na kwa muda Futi aliona mlango umefunguka. Lakini Profesa alikuwa amepiga kengele ya shule kwa miaka thelathini, akisikiliza masomo yote kutoka uani, nusu nusu, na mtu wa namna hiyo hawezi kuona kimya akakiacha hivi hivi.

— Wahenga walisema, macho hayana pazia.

— Langu linalo, akasema Futi. Ndilo linalokwenda kuondolewa.

— Haraka haraka haina baraka. Linaweza likaondoka lenyewe.

— Profesa, nimekaa nalo mwaka mzima.

— Unaona. Mvumilivu hula mbivu.

Shangazi akamimina kahawa na kusema yeye anajua chanzo. Ni moshi. Kila asubuhi moshi wa jiji hupanda mlima, hufika kwanza kwenye duka la Futi kwa sababu mlango wake unatazama bonde, na mtu anayefungua duka saa kumi na mbili hupokea moshi wa watu milioni tatu kwa macho mawili. Yeye mwenyewe, alisema, hufungua saa nne, na ndiyo maana anaona hadi leo.

Meya hakukubaliana. Shida ya Futi, alieleza, ni kazi isiyolingana na kifaa. Macho ya mtu wa mlimani yaliumbwa kwa mbali. Hapa mtu anazaliwa anatazama kilomita ishirini. Halafu Futi kayachukua macho hayo akayakazia tundu la sindano miaka thelathini. Hiyo ni kufunga injini ya lori kwenye cherehani, lazima iungue. Angefanya kazi ya kutazama jiji, kama yeye, angeona mpaka kaburini.

— Hiyo ni kazi? akauliza Shangazi.

— Nani anawapangia magari?

— Mimi ninachoogopa ni kingine, akasema Profesa, akashusha sauti. Hawasafishi jicho, wanabadilisha. Pale hospitali kubwa macho yako kwenye chupa, yamepangwa. Unaingia na la kwako, unatoka na la mtu wa mjini.

— Lina ubaya gani?

— Ubaya ni kwamba atarudi hapa akitazama kwa jicho la mjini. Atauona huu ubao umeinama. Ataona tumekaa tangu saa kumi. Atauliza mnafanya nini.

Shangazi akautazama ubao, maana hilo lilikuwa jambo zito.

— Tena mbaya zaidi, akaendelea Profesa, ambaye akishapata mteremko hasimami. Huenda asituone kabisa. Watu wa kule chini wanatazama huku kila siku, si mlima uko mbele yao? Umewahi kumsikia mmoja akisema ameona kijiji? Wanaona mlima tu. Sisi kwa jicho lile hatumo.

Shangazi alicheka hadi akaweka birika chini. Meya hakucheka, alisema kwa uchungu kwamba yeye huwapungia mkono. Hapo Futi naye akacheka, ingawa woga haukumtoka. Alikuwa akiogopa kisu. Alikuwa akiogopa zile ngazi za mawe mia mbili na ushei kutoka kituo cha basi hadi nyumbani, jicho moja limefungwa na la pili haliambulii kitu, akipapasa ukuta mbele ya watu. Lakini kuliko yote aliogopa kufika mapokezi peke yake, kuulizwa mtu wako yuko wapi, na kurudishwa kama kitambaa kibaya.

— Barua yenyewe inasema, akaanza tena, kwamba mtu asiende…

— Asiende mikono mitupu, akamalizia Meya. Kweli kabisa. Kwa hiyo tuanze. Profesa, karatasi.

Na mizigo ikaanza kupangwa. Shangazi alitaka vikombe viwili vyenye ua la bluu vifanane na vile vilivyovunjika, na akasisitiza rangi: si bluu ya sare za polisi, si bluu ya mlango wa duka la mafuta ya taa, ni bluu ya kati ya hizo mbili, Futi ataiona tu. Profesa alikuwa na redio iliyokuwa ikishika stesheni moja tu, nayo ya lugha wasiyoijua. Fundi wake yuko ghorofa ya pili ya jengo ambalo halina namba. Futi alisema kwamba huenda mikono yake isiwe na nafasi. Profesa akamjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo aibebe na redio. Meya hakutaka kununuliwa kitu. Yeye alikuwa na ujumbe wa kufikishwa kwa wakubwa wa jiji kuhusu daraja, na akautoa kwa mdomo mara mbili ili Futi aukariri.

— Utapita pale ukitoka hospitali, akasema Meya. Ni karibu. Tazama, kidole gumba hakitoshi katikati.

Profesa akaandika yote kwa mwandiko wake mdogo wa kishule na kumpa Futi karatasi. Futi akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akaona weupe tu. Wote watatu walimwona anavyofanya. Wakageuza nyuso upande wa jiji, kwa heshima, jinsi walivyokuwa wakigeuza nyuso kwa mwaka mzima.

— Imeeleweka? akauliza Profesa.

— Imeeleweka, akasema Futi, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Alijikasirikia. Mtu mzima, mwenye wajukuu, nimeshindwa kusema maneno matatu, na badala yake nimekubali redio.

Wakati huo Mpangaji alikuwa akipanda ngazi kutoka kituoni, begi la kazi begani, unga umemkaa kwenye nyusi. Huwa anapita tu na kusalimia. Benchi lilikuwa na maneno yake juu ya dada huyu: kwamba anatembea haraka mno, kwamba anayeishi kijijini akafanya kazi mjini ni sawa na kuwa na wake wawili, kwamba hadi leo hajakaa. Lakini jioni ile alisimama, na Shangazi, kwa kumwona amechoka, akampa kikombe kabla hajaomba.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakajibu watatu. Futi naye akajibu, kwa sauti ya chini.

— Fundi, nimeuliza tena kazini leo. Kukufikisha hospitali naweza, lakini siwezi kukurudisha. Msimamizi hatoi ruhusa, na mimi natoka saa kumi na moja. Akanywa funda moja. Akawatazama wale wengine, uso wake hauna shari yoyote. Kwa hiyo nani anakwenda naye?

Meya akaligeukia jiji.

— Kwenda naye wapi? akasema Profesa.

— Hospitali. Si lazima awe na mtu? Bila mtu hawampasui. Hajawaambia?

Shangazi akamtazama Futi. Futi akatazama viatu vyake, ambavyo kwake vilikuwa mawingu mawili meusi. Angeweza kusema kwamba alijaribu mara mbili akakatwa, lakini kusema hivyo ingekuwa kuwalaumu, na yeye mwenyewe alijua kwamba mtu mwenye shida ya kweli hakatwi na habari za lori jeupe.

— Nilikuwa nataka kuwaambia, akasema. Nimeona aibu.

Mpangaji alidhani ameuliza vibaya. Akaomba radhi, akasema labda wameshapanga na yeye hajui. Profesa alifungua mdomo ataje kengele, akakumbuka kwamba shule imefungwa tangu Ijumaa. Shangazi alianza kusema kwamba bila yeye hakuna kahawa, akasikia mwenyewe jinsi inavyosikika, akaacha katikati. Alilitikisa birika, lilikuwa tupu, na kwa mara ya kwanza hakutangaza.

Meya alikuwa akitazama jiji. Kila mtu pale alijua, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anajua, kuwa Meya alishuka mara ya mwisho miaka kumi na mmoja iliyopita. Alikwenda kununua misumari ya bati. Alirudi kabla ya saa nne asubuhi, na basi lile lile lililompeleka, bila misumari, akasema jiji lilikuwa limefungwa. Tangu siku hiyo akaliongoza kutoka benchini. Watu wakampa cheo, wakamwachia mwisho wa juu wa ubao, na wenyewe pia wakaacha kushuka mmoja mmoja, maana ilikuwa rahisi kutuma. Kumbe, Futi aliwaza, hata Meya tumemfichia lake, kama wao walivyonificha mimi suruali.

— Dada, akasema Meya bila kugeuka. Basi la asubuhi linaondoka saa ngapi?

— Kumi na mbili na robo.

— Na mtu akishashuka stendi. Akasita. Stendi ina milango mingapi?

— Mitatu. Mnatokea ule wa kushoto, penye mizani. Kisha mnafuata ukuta.

— Wa kushoto, akarudia Meya. Penye mizani. Halafu ukuta.

Alirudia mara ya pili, polepole, na hakuna aliyecheka. Profesa, ambaye alikuwa na methali tatu tayari mdomoni, alizimeza zote. Shangazi akasema vikombe visubiri, na redio nayo isubiri, Profesa akaitikia kwa kichwa.

Futi alihisi uzito unamtoka begani. Meya alikuwa amesimama, amepita mbele ya wenzake, na sasa alikuwa mbele yake kwenye mteremko, na hata kwa macho yale mabovu Futi aliweza kuuona ule mguu wa kushoto wa suruali, mfupi kwa vidole viwili. Akaona haya na akaona upendo kwa wakati mmoja, na hakujua lipi limtangulie.

— Meya, akasema. Njia unaijua?

Meya akafikiri. Akalitazama jiji, akaonekana anataka kunyanyua kidole gumba, akaurudisha mkono mfukoni.

— Siijui, akasema.

— Basi tutauliza, akasema Futi.